Nani Alimlinda Jirani? Magazeti ya Unguja katika Zama za Siasa

Wazanzibari waliokuwa watu wazima kabla ya 1964 wana jina lao la miaka ile: Zama za Siasa. Baina ya Julai 1957 na Julai 1963 visiwa vilipiga kura mara 4, na kati ya kura moja na nyingine watu waliacha kuzikana. Aliyefiwa alihesabu waliokuja matangani na waliokosekana, akajua nani wa chama cha Hizbu (ZNP), nani wa chama cha Afro-Shirazi. Duka lilikuwa na chama chake, na hata gari la shamba lilikuwa na abiria wa upande mmoja. Mengi yameandikwa kuhusu viongozi waliosimama majukwaani. Yaliyoandikwa kuhusu magazeti ni machache, na magazeti ndiyo yaliyoyachukua maneno ya jukwaani yakayakalisha barazani wiki nzima.

Vyama havikuanzisha mgawanyiko wa magazeti, vilirithi. Gazeti la kwanza Unguja, lile la Kiingereza lililokuja kuwa la serikali, lilitoka 1892. Baada yake kila jamii ikajitafutia lake: Samachar na Zanzibar Voice ya watu wenye asili ya Kihindi, Al-Falaq ya Jumuiya ya Waarabu. Mwongozi ilizaliwa miaka ya vita kuu ya pili, na mhariri wake aliyejulikana zaidi, Ali Muhsin Barwani, akawa kiongozi mkubwa wa Hizbu. Afrika Kwetu ya Mtoro Rehani ilisemea Waafrika, kisha ikasimama na Afro-Shirazi. Mhariri, mwanachama na mgombea walikuwa watu wa chumba kimoja, pengine mtu mmoja. Hakukuwa na siri katika hilo. Msomaji aliyelichukua Mwongozi alijua anachukua nini.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuwalaumu wahariri wale kwa kuwa na upande. Gazeti la chama lina haki ya kukitetea chama chake. Lililoharibika ni jingine, na ili kuliona inafaa kwanza kukumbuka namna gazeti lilivyosomwa.

Nakala moja ilitosha baraza zima. Anayejua kusoma alikaa katikati, muuza kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe, na waliobaki wakasikiliza. Msomaji alipandisha sauti penye tusi na kulirudia penye kicheko. Akimaliza, habari ilikwisha kuwa mali ya watu 15 au 20 ambao hawakuona herufi hata moja, nao wakaipeleka nyumbani, sokoni na shamba kwenye karafuu. Zamani kwenye baraza kama hiyo alikuwepo mtu wa kusema, "Hilo si kweli, fulani namjua." Baraza zilipogawika kwa vyama, mtu huyo aliondoka. Maneno yaliyoandikwa juu yake yakasomwa yeye hayupo.

Yaliandikwa nini? Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu alichokitoa 2011 kuhusu siasa na ubaguzi Zanzibar, ameyafuatilia magazeti hayo ukurasa kwa ukurasa, na anayemsoma hatoki akiwa na upande ulio safi. Mwongozi lilijivunia ustaarabu wa visiwa, dini yake na ukarimu wake, na ni fahari yenye haki. Lakini fahari hiyo ilihitaji mtu wa kusimama nje ya mlango, naye akawa mtu wa bara: mpagazi wa bandarini, mchuma karafuu, aliyechorwa kama mgeni asiye na adabu wala asili. Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu, na wengine walizaliwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, wakazeekea huko.

Afrika Kwetu na wenziwe walikuwa na hoja nzito zaidi, yaani utumwa. Utumwa Unguja ni kweli tupu. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa 1897, kwa hiyo katika miaka ya 1950 walikuwepo wazee ambao mama zao walinunuliwa. Kuandika habari hizo ilikuwa wajibu. Ila kalamu ilitoka kwenye yaliyopita ikaingia kwenye yajayo: Hizbu ikishinda, ikasemwa, minyororo itarudi. Hapo historia iligeuka kitisho, na kitisho hakina tarehe wala ushahidi wa kuhakikiwa. Kila Mwarabu akabebeshwa deni la matajiri wa karne iliyopita, hata Mmanga aliyeshuka na jahazi kutoka Omani miaka 60 baada ya soko kufungwa, hana shamba wala jumba, ana kiduka cha chumvi, mafuta ya taa na unga.

Moto ule ungeweza kupunguzwa, na tunajua kwa sababu ulipunguzwa. Septemba 1958 wanasiasa wa Afrika Mashariki na Kati walikutana Mwanza wakaunda PAFMECA, umoja wa vyama vya kupigania uhuru, na kwa msukumo wake Hizbu na Afro-Shirazi wakakaa pamoja katika Kamati ya Uhuru na kukubaliana kupunguza ukali wa maneno. Kwa muda kukatulia. Utulivu huo mfupi unaniuma kuliko matusi yenyewe. Unaonyesha kwamba wahariri hawakubebwa na hasira za watu. Walikuwa na kipimo mkononi, wakaweza kukishusha, kisha maelewano yalipovunjika wakakipandisha tena.

Uchaguzi wa Januari 1961 uliipa Afro-Shirazi viti 10, Hizbu 9, na chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura 1. ZPPP iligawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Ikapangwa kura nyingine, Juni Mosi. Miezi hiyo 5 katikati ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote, kwa kuwa kila upande uliamini umebakisha kura moja tu, na aliyekosa kura hiyo aliamini ameibiwa.

Siku ya kupiga kura, Alhamisi, ugomvi ulianza mjini vituoni, watu wakishutumiana kwamba fulani anataka kupiga kura mara ya pili. Ghasia zikaenda shamba, na huko zikawa mauaji. Waliokufa ni watu 68, na karibu wote walikuwa Waarabu. Wengi wao hawakuwa na jina katika siasa wala mali ya kutajwa. Walikuwa wale Wamanga wa viduka, waliouawa na watu waliowahi kuwauzia kwa mkopo. Askari wakaletwa kutoka Kenya.

Tume ya Sir Stafford Foster-Sutton iliyochunguza haikuona ushahidi kwamba ghasia zilipangwa, ikaweka uzito mkubwa kwenye ukali wa kampeni za miezi ile. Nakubaliana nayo, lakini serikali ya Waingereza iliyoiunda ilikuwa na lake la kujibu. Sheria ya uchochezi ilikuwepo. Mwaka 1954 iliwafikisha mahakamani viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa makala za Al-Falaq zilizowashambulia Waingereza. Mwaka 1962 ilimfunga mwanasiasa Abdulrahman Babu kwa aliyoyachapisha katika chapisho la habari la Zanews. Hizo ndizo kesi mbili zinazokumbukwa zaidi, na katika zote mbili aliyelindwa ni mtawala. Mpagazi aliyeitwa mshenzi na muuza duka aliyeitwa mwizi wa watu hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mhariri mwenyewe, wampelekee barua ya kukanusha. Hilo ndilo jukumu ambalo wahariri wa pande zote walilikimbia: kumpa nafasi ya kujibu mtu asiye na gazeti.

Uhuru ulikuja Desemba 10, 1963, na Mapinduzi Januari 12, 1964. Magazeti ya vyama yakazimika. Ali Muhsin alikaa gerezani Tanzania Bara miaka 10. Babu, aliyekuwa waziri baada ya Mapinduzi, naye alikuja kuwekwa kizuizini 1972. Serikali ikawa na gazeti lake, Kweupe, na kwa miongo mingi Mzanzibari hakuwa na gazeti la nyumbani la kubishana nalo.

Vyama vingi viliporudi na uchaguzi wa 1995 ukafika, maneno ya 1961 yalikuwa hai: Hizbu, sultani, utumwa, nani mzalendo na nani mgeni. Yalitoka majukwaani mazima kama yalivyozikwa, na kisiwani hapakuwa na gazeti huru la kumuuliza msemaji ushahidi wake. Dira la Ali Nabwa, lililojaribu kazi hiyo na kuzifungua habari za miaka ya 1960, lilianza mwishoni mwa 2002. Novemba 2003 serikali ililifungia.