Nasaba ya Pwani na Mama Waliosahauliwa

Tarehe 29 Machi 2023, jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika nchi za Kenya na Tanzania, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa, ulifufuka ugomvi wa siku nyingi: Waswahili ni dhuria ya nani?

Tarehe ya Kilwa, yaani habari za kale za mji huo, aliyoinukuu Mreno João de Barros mwaka 1552, yasimulia ya kuwa mji ule uliasisiwa na Ali bin Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi katika Uajemi. Nao waandishi wa zama za ukoloni, waliokuwa wazito kukiri ya kuwa Mwafrika aliweza kujenga msikiti wa mawe, wakaishika habari hiyo wakadai ya kuwa ustaarabu wote wa pwani uliletwa na wageni. Wataalamu waliofuata, miongoni mwao Chapurukha Kusimba wa Kenya, waliyachimba mahame wakaona kazi ya wenyeji, hata baadhi ya watu wakaihesabu habari ya Shirazi kuwa ngano tupu. Kusimba huyo huyo ndiye aliyeshirikiana na David Reich, mtaalamu wa jeni wa Chuo Kikuu cha Harvard, kuutafuta ushahidi katika mifupa.

Na ushahidi wenyewe watokana na kanuni ya uzazi. Mtoto hurithi kromosomu 23 kwa baba na 23 kwa mama. Lakini kabla ya hapo, mbegu na yai vinapoumbwa, kromosomu za babu na za bibi hubadilishana vipande, na vipande hivyo huzidi kuwa vifupi kila kizazi, hata mtaalamu akivipima hukadiria mchanganyiko ulianza lini. Kromosomu ya Y humfikia mwana wa kiume kwa babaye karibu bila kubadilika, na DNA ya mitokondria hutoka kwa mama peke yake.

Jawabu likawa wazi: mama karibu wote walikuwa Waafrika, baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Tarehe ya Kilwa, basi, haikuzua. Iliwataja baba ikawaacha mama.

Ingawa Waswahili wamo pia Msumbiji, miongoni mwa mifupa hiyo haukuwamo hata mmoja wa huko. Palma ya kaskazini mwa nchi hiyo, ambayo ghuba yake ya Tungi Wareno waliitwaa kutoka kwa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1887, na ambayo watu wake walitawanywa na mashambulio ya Machi 2021, yastahili kuulizwa habari zake kabla wazee hawajatoweka pamoja na kumbukumbu zao. Serikali na wanachuo wa Msumbiji wayalinde makaburi ya kale, wala wasiyaguse ila kwa ridhaa ya wenyeji. Na kila aandikaye shajara ya ukoo wake aanze na jina la mama.