Nchi haina dini, raia ni sawa: Sheria dhidi ya ushoga imesimama wapi?

KATIBA ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatamka katika ibara ya 3 kuwa nchi hii haina dini. Ibara ya 12 inatamka kuwa binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Wakati huo huo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30, kwa anayemwingilia mwenzake kinyume na maumbile, hata kama wote wawili ni watu wazima walioridhiana.

Matamko hayo matatu hayakuandikwa siku moja wala na mkono mmoja. Ili kuuelewa mjadala wa haki za mashoga nchini, ni lazima kurejea jinsi taifa lenyewe lilivyoasisiwa.

TANU na suala la dini

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam Julai 7, 1954. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu Mkatoliki aliyefundisha Pugu. Lakini uti wa mgongo wa chama mjini walikuwa Waislamu, wakiwamo Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed na Sheikh Hassan bin Ameir.

Ushirikiano huo haukukosa misukosuko. Sheikh Suleiman Takadir, aliyeongoza Baraza la Wazee wa TANU, alifukuzwa mwaka 1958 baada ya kuhoji nafasi ya Waislamu katika serikali ijayo. Chama cha AMNUT nacho kilitaka uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu ya kutosha. TANU ilikataa, na hapo ukajengwa msingi unaorudiwa hadi leo: serikali haina dini, bali wananchi wana dini zao.

Hata hivyo, dini haikutoka kabisa serikalini. Wimbo wa taifa ni sala iliyotungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa Kimethodisti wa Afrika Kusini. Mwaka 1968 serikali iliipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya EAMWS, na BAKWATA ikaundwa mwaka huo huo. Tangu sensa ya mwaka 1967, wananchi hawajaulizwa tena dini zao.

Usawa nao ulijaribiwa mapema. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi ya mtu. Nyerere alipinga vikali, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Hoja hiyo ya ubaguzi ilikuwa na mvuto kwa wengi, lakini haikupita.

Sheria ilikotoka

Kifungu cha 154 hakikutoka msikitini wala kanisani. Asili yake ni Kanuni ya Adhabu ambayo Waingereza waliiwekea Tanganyika mwaka 1930, wakifuata mtindo walioueneza katika makoloni yao tangu sheria ya India ya mwaka 1860. Taifa huru liliirithi.

Bunge liliiongezea makali mwaka 1998 kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo shabaha yake kubwa ilikuwa kuwalinda wanawake na watoto. Zanzibar, yenye sheria zake, ilirekebisha za kwake mwaka 2004 na kutaja pia mapenzi baina ya wanawake.

Haki za raia ziliingia katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Mwelekeo wa kimapenzi haukutajwa. Ibara ya 16 inalinda faragha, lakini ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma.

Sauti moja ya dini mbili

Uzito wa msingi wa mwaka 1954 unaonekana Kinondoni na Temeke, ambako msikiti na kanisa huwa mtaa mmoja. Februari 1998 watu walipoteza maisha katika vurugu za Msikiti wa Mwembechai, Magomeni. Oktoba 2012 makanisa yalishambuliwa Mbagala, baada ya mtoto kudaiwa kuikojolea Korani. Kuhusu Mahakama ya Kadhi, viongozi wa dini hizo mbili wamevutana kwa miaka mingi.

Kuhusu ushoga, hawavutani. Desemba 2006 maaskofu wa Anglikana Tanzania walitangaza kutopokea misaada ya majimbo yanayouunga mkono. Februari 2007 wakuu wa Anglikana duniani walikutana Dar es Salaam huku suala hilo likiligawa kanisa lao. Mwaka 2010 maaskofu wa KKKT walitoa tamko la Dodoma kupinga ndoa za jinsia moja. Masheikh nao husimamia katazo la Uislamu.

Hoja yao ni kwamba sheria ya nchi haiwezi kuupa kisogo uadilifu wa watu wake, na kwamba shinikizo la nje ni ukoloni mwingine. Mwaka 2011 Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, alipohusisha misaada na haki za mashoga, Waziri Bernard Membe alimjibu kuwa Tanzania haitakubali.

Watetezi wa haki hujibu kuwa nchi isiyo na dini inahitaji sababu isiyo ya kidini ili kumfunga raia, na kwamba usawa wa mwaka 1961 haukupimwa kwa wingi wa watu.

Dar es Salaam, 2018

Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wawataje mashoga ili kikosi maalumu kiwasake. Novemba 4, Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kuwa huo ulikuwa msimamo wake binafsi, na kwamba serikali itaheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoridhia. Denmark ilizuia sehemu ya misaada yake, na Januari 2020 Marekani ikampiga Makonda marufuku kuingia nchini humo.

Kwa mkazi wa Tandale au Mbagala anayedhaniwa kuwa shoga, tamko kama lile huigusa nyumba aliyopanga, kazi yake na afya yake. Februari 2017 serikali ilikuwa imezuia vituo 40 vya watu binafsi kutoa huduma za Ukimwi kwa kundi hilo, ikisema hospitali zake ziko wazi kwa wote. Anayeogopa kutajwa huogopa pia kumweleza daktari ukweli.

Majirani wamechukua njia tofauti. Msumbiji iliondoa katazo la kikoloni mwaka 2015, ilhali Uganda ilikaza sheria yake mwaka 2023. Afrika Kusini, ambayo nayo huimba sala ya Sontonga, ilikataza ubaguzi huo katika katiba ya mwaka 1996, na Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa miongoni mwa watetezi.

Tanzania bado ina matamko yake matatu. Waasisi walikubaliana dini isiwe kipimo cha uraia; hawakuacha jibu iwapo yaweza kuwa kipimo cha kosa.