Nyumba Zilizotoka Baharini

Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alijenga kasri kwenye genge linalotazama bahari. Ndilo Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Biashara ya dhahabu ya bandari ya Sofala ilikuwa imeitajirisha Kilwa, na majahazi ya kaskazi yalileta kila anasa. Hata hivyo, kuta za kasri zilitoka papo hapo pwani.

Mafundi walitumia mawe ya namna mbili. Jiwe gumu la matumbawe ya kale, lililochimbwa nchi kavu, lilisimamisha kuta. Matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi huwa laini, huchongeka vizuri, kisha hukauka yakawa magumu. Hayo yalitumiwa kwa miimo ya milango na nakshi.

Karne ya 18, ujuzi huo ulistawi Lamu. Huko mkoko ndio uliopima nyumba. Boriti zake hubeba dari nzito ya mawe na chokaa, lakini haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Kwa hiyo vyumba vya nyumba ya muungwana vilikuwa vyembamba na virefu: msana (ukumbi mrefu) wa kwanza, msana wa pili, kisha chumba cha ndani.

Huko ndani ndiko utajiri ulikoonekana. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa yakawa chokaa, nayo ikaachwa muda mrefu ilainike. Fundi aliipaka tabaka kwa tabaka, kisha akatengeneza zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya China. Sahani ilinunuliwa siku moja. Ukuta wa kuipokea ulidai miezi ya kazi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoulilia mji wa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, hakuzisahau zidaka za namna hiyo, zilizogeuka viota vya ndege.

Mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Adui wa kuta zake sasa ni haraka. Chokaa hupumua: unyevu huingia ukatoka. Saruji ikipakwa juu yake huufungia unyevu ndani, plasta ikabanduka na jiwe likaanza kuliwa. Wewe uliyerithi au kununua nyumba ya mawe, kabla hujaagiza mfuko wa saruji, mtafute fundi wa chokaa.