Samaki Aliyeitwa kwa Jina la Mwenzake

Wasomaji wetu wa Kindu wamjua samaki huyu wa mto Lualaba. Mwili wake mrefu, magamba magumu sana, na mgongoni hana pezi moja kama samaki wengine, bali safu ya mapezi madogo. Hupanda juu kuvuta hewa, maana ana mapafu. Wataalamu humwita bichiri, jina lililotoka Misri. Geoffroy Saint-Hilaire, Mfaransa aliyefika huko na jeshi la Napoleon mwaka 1798, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1802.

Lakini bichiri si mmoja. Katika maji yetu wapo congicus na ornatipinnis, ambao Boulenger wa Makumbusho ya London aliwaandika mwaka 1898 na 1902. Mtu akitaka kuwatambua, na aanze na kinywa. Congicus taya lake la chini latokeza mbele kulipita la juu. Ornatipinnis la juu ndilo litokezalo. Kisha rangi: congicus ana mistari ya wima ubavuni, na mwenzake ana weusi na manjano yaliyofumwa kama wavu, hata kwenye mapezi. Ila samaki akikaushwa kwa moshi rangi yote hupotea, na hapo ni taya tu lisemalo kweli. Wadogo nao hudanganya, kwa kuwa huwa na matamvua ya nje kama manyoya pembeni mwa kichwa. Mtu aweza kudhani ni aina nyingine kabisa.

Tusiwacheke wanaokosea, maana hata wenye vitabu walikosea, na kwa muda mrefu. Mwaka 1899 Vaillant wa Paris alimwandika bichiri mmoja wa Kongo akamwita retropinnis, yaani mwenye pezi la nyuma, kwa kuwa mapezi yake ya mgongoni huanza mbali na kichwa. Baadaye jina hilo likawa likipewa samaki mwingine anayefanana naye. Vitabu vikanakili vitabu. Mwaka 1988 Gosse, Mbelgiji, alimpa samaki mmoja jina la polli, kwa heshima ya mtaalamu Max Poll. Kumbe huyo ndiye retropinnis wa kweli, amevishwa jina la pili!

Kosa likaja kuonekana mwaka 2006, Wajerumani Schliewen na Schäfer walipomrudia samaki yuleyule wa Vaillant. Laiti asingalihifadhiwa, ubishi usingekuwa na hakimu. Basi jina polli likaachwa, retropinnis akarudishiwa lake, na yule aliyekuwa akilitumia bila haki akabaki hana jina. Wakamwita mokelembembe, kwa jina la mnyama wa hadithi za mito ya Kongo, ambaye wengi wamesema wamemwona wala hakuna aliyemleta.