Tanuri la Ufipa na Kiini cha Kompyuta

Nyanda za juu za Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga na kata yake ya Chanji, zilisifika tangu kale kwa chuma. Wayeyushaji wa huko walijenga matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, wakayaita malungu. Matanuri hayo hayakuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, na moto ukapanda kwa nguvu zake. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na taka, kikapelekwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, kikasafishwa kwa mivukuto, na ndipo mhunzi akafua jembe. Profesa Bertram Mapunda aliieleza kazi hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2010. Katika zama zetu iko kazi nyingine inayofanana nayo, nayo ni kuunda kiini kipya cha kompyuta kutoka katika maandishi yake ya asili.

Yafaa kwanza ieleweke kiini ni nini. Kompyuta ni mkusanyo wa vifaa visivyojua kusema na programu zisizojua kushika. Kati ya pande hizo mbili husimama kiini, nacho huamua nani atumie kifaa gani na kwa wakati gani. Lakini kila kifaa kina lugha yake, na mkalimani wa lugha hiyo huitwa draiva. Kadi ya mtandao usio na waya ikikosa draiva, hukaa ndani ya mashine kama mgeni aliyeketi sebuleni asipate wa kusema naye. Kadi ni nzima, umeme unaipata, na haifanyi kazi.

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatunga mfumo wake mwenyewe wa kompyuta. Kiini chake kikaitwa Linux. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani, nayo humpa kila mtu haki ya kuyasoma maandishi, kuyabadili na kuyagawa. Kompaila ya GCC, aliyoitoa Stallman mwaka 1987, ndiyo iliyokuwa tanuri: maandishi ya mwanadamu huingia humo kama mtapo, na hutoka yakiwa amri ambazo mashine huzitii.

Desturi ya Linux ni kuziweka draiva ndani ya kiini chenyewe. Desturi hiyo ina faida, kwa kuwa wajuzi wa kiini huzitunza draiva zote pamoja. Ina taabu pia, kwa sababu kiini kizee hakikijui kifaa kilichozaliwa baada yake. Draiva ya ath9k, iliyohudumia kadi mpya za kampuni ya Atheros, iliingia katika toleo la 2.6.27 la Oktoba 2008. Mfumo wa Debian 5.0 ulitoka Februari 2009, miezi minne baadaye, lakini ulibeba kiini cha 2.6.26 kwa kuwa watunzaji wake walipenda uimara kuliko upya. Toleo kubwa lililofuata lilitoka Februari 2011. Mwenye kadi ya namna hiyo alikuwa na njia chache: kununua kadi nyingine, kutafuta kiini kilichoandaliwa na wengine, kungoja miaka miwili, au kuunda kiini mwenyewe.

Kazi yenyewe yahitaji subira kuliko kipaji. Kwanza maandishi ya kiini kipya huletwa na kufunguliwa. Kisha orodha ya machaguo ya kiini cha zamani hunakiliwa, na mjenzi huulizwa juu ya kila jambo jipya: liingie ndani, liwe moduli ya kuitwa inapohitajika, au liachwe. Hapo kompaila huwashwa, na katika mashine dhaifu huweza kufanya kazi saa nyingi. Mwisho moduli na kiini huwekwa mahali pake. Mwenye busara hakifuti kiini cha zamani. Hukiacha katika orodha ya kuwashia, ili kipya kikishindwa apate pa kurudi.

Kwa Tanzania kazi hiyo ilikuwa na uzito wake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na ujuzi wake ukachelewa kuenea hata baada ya amri hiyo kulegezwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake intaneti ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Maandishi ya kiini cha 2.6.27 yalikuwa takribani megabaiti 50 yakiwa yamefungwa. Kwa mtu wa bara, mbali na pwani, kuyapata kulikuwa nusu ya kazi.

Siku hizi haja imepungua. Tangu Februari 2013, kwa toleo la 12.04.2, Ubuntu ilianza kuwaletea watumiaji wa matoleo ya muda mrefu viini vipya vilivyokwisha kuundwa. Ni neema, nayo yakumbusha habari ya malungu. Majembe ya Ulaya yalipofika kwa bei nafuu, mkulima wa Ufipa hakuwa na kosa kuyanunua. Lakini matanuri yalizimika, na kwa kuwa dawa na miiko ya kazi vilikuwa siri ya mafundi wachache, wazee walipokufa mengi yalikufa nao.

Kiini cha Linux hakina siri ya namna hiyo. Maandishi anayoyasoma mwanafunzi wa Helsinki ndiyo yale yale awezayo kuyasoma mwanafunzi wa Chanji. Hata hivyo, ujuzi usiofichwa waweza nao kupotea, ikiwa hakuna anayeutenda. Vyuo vyetu vikiwafundisha vijana kutumia tu kilichoundwa na wengine, watakuwa wanunuzi wa majembe katika nchi yenye mtapo.