Ukimya wa Kijiji, Amri ya Serikali

Kati ya mwaka 1970 na 1984, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Zaidi ya nusu ya matukio hayo yalitokea Usukumani, yaani katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Jambo la kuelezwa hapa si wauaji peke yao. Ni kijiji kizima kilichojua na kunyamaza, na ni serikali ambayo, ilipoamua kuuvunja ukimya huo kwa nguvu, ilisababisha vifo mikononi mwa watumishi wake.

Imani ya uchawi ni ya kale Usukumani, lakini mauaji ya wingi huu si ya kale. Zamani kaya zilikaa mbalimbali, ardhi ilikuwa tele, na tuhuma ilikuwa na pa kupelekwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza kumwita mtu mchawi. Hata hivyo, mtemi, yaani chifu, na wanangwa, wasaidizi wake, waliweza kuwasikiliza wanaogombana, na mtuhumiwa akahamia kwingine akiwa hai. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ilifuta utawala wa machifu. Miaka kumi na moja baadaye Operesheni Vijiji, yaani kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, iliwafikia Wasukuma, na kaya zilizokuwa zimetengana kwa mashamba na malisho zikapangwa ubavu kwa ubavu. Waliokuwa wakikwepana sasa walichota maji kisima kimoja, na mwamuzi wa zamani hakuwapo tena.

Msomi Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mauaji haya kwa miaka mingi, ameyapa mabadiliko hayo uzito mkubwa. Mwanauchumi Edward Miguel alitazama upande mwingine. Katika utafiti wake wa wilaya ya Meatu, uliochapishwa mwaka 2005, aligundua kwamba miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya "wachawi" yaliongezeka karibu maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Kwa maoni yangu maelezo haya mawili hayapingani. Njaa inatueleza ni lini panga lilinyanyuliwa, na vijiji vinatueleza kwa nini tuhuma ilikosa njia ya kutokea. Lakini yote mawili hayatuelezi kwa nini jirani hakufungua mlango.

Chukua alama iliyowaponza vikongwe wengi: macho mekundu. Usukumani miti ilifyekwa kupisha pamba na kuangamiza mbung'o, kwa hiyo kuni zikawa adimu. Mwanamke alipikia mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, akiinamia mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Baada ya miaka arobaini ya moshi huo macho huwa mekundu, na karibu kila kaya ilikuwa na mwanamke wa namna hiyo. Kila mtu, basi, alikuwa na ushahidi mbele yake kwamba wekundu hautokani na uchawi. Hata hivyo, mtoto alipofariki na mpiga ramli chonganishi akaelekeza kwa bibi fulani, ushahidi huo haukusemwa. Usiku wakata mapanga walikuja, na asubuhi polisi walipouliza, hakuna aliyeona wala kusikia.

Jinsi mtu anavyoweza kukana anachokiona kwa sababu ya wengi, mwanasaikolojia Solomon Asch alikuwa ameonyesha Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliwaonyesha watu mistari ya urefu tofauti na kuwauliza upi unalingana na upi, huku wenzao wote, waliopangwa naye kwa siri, wakitoa jibu la uongo. Takribani theluthi moja ya majibu yalifuata uongo wa wengi. Alipompanga mwenzi mmoja tu aseme kweli, kosa hilo lilipungua sana. Usukumani gharama ilikuwa kubwa kuliko aibu ya chumbani, kwa kuwa aliyemtetea bibi aliweza kuitwa mchawi mwenzake.

Mwaka 1976 serikali ilianzisha msako wa wauaji hao Mwanza na Shinyanga, ulioitwa Operesheni Mauaji. Polisi na maofisa wa usalama walikamata mamia ya watu. Kwa kuwa mashahidi hawakupatikana, ungamo la mtuhumiwa ndilo likawa ushahidi unaotafutwa, na likatafutwa kwa mateso. Baadhi ya waliokamatwa walifariki wakiwa kizuizini.

Je, maofisa hao walikuwa watu wakatili kwa asili? Jibu hilo ni jepesi mno. Katika majaribio ya Stanley Milgram, yaliyoanza Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961, watu 26 kati ya 40 walifuata maelekezo hadi mwisho, wakiamini wanamtia mwenzao umeme wa volti 450. Wenzao wawili walipokataa mbele yao, waliofika mwisho walikuwa wanne tu kati ya 40. Mwanza kulikuwa na shabaha njema, amri kutoka juu na wenzi waliotekeleza bila kusita. Hayo yanaeleza kilichotokea, lakini hayamfutii mtu hatia.

Januari 1977 mnyororo huo wa amri ulikatika kutoka juu. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuwa yeye aliyetesa mtu. Walijiuzulu pia Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani Mwanza na kutiwa hatiani. Katika nchi ya chama kimoja hili lilikuwa tendo zito: mtoa amri na mtekelezaji wote walitakiwa kujibu.

Vijijini, mapema miaka ya 1980, sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe, walianza kulinda mali na mifugo. Silaha yao kali ilikuwa kumtenga mkaidi, asisaidiwe shambani wala msibani. Nguvu hiyo iliwatisha wezi, lakini iliweza pia kumwangukia kikongwe anayeshukiwa. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Baadaye mashirika ya wazee wilayani Magu na jirani zake yaliwashirikisha sungusungu, waganga na viongozi wa vijiji katika kuwalinda vikongwe, na kufundisha ujenzi wa majiko banifu yasiyojaza moshi nyumbani. Nayaheshimu sana mashirika hayo, kwa sababu yalimpa msema kweli wenzi wa kusimama naye.

Mauaji yalipungua lakini hayakwisha. Ripoti za haki za binadamu ziliendelea kuyataja katika miaka ya 2010. Msomaji uishiye kando ya ziwa, ukisikia jina la bibi wa jirani linanong'onwa baada ya msiba, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi siku hiyohiyo, na usiende peke yako.