Njia ya Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji na Uenezi wa Kiswahili Bara

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara katika nchi ambayo leo ni Tanzania ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Ulikuwa mwendo wa takriban kilomita 1,200 kwa miguu. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, waliifuata njia iliyokwisha kuzoeleka.

Masimulizi mengi ya njia hii huwatukuza wafanyabiashara wa pwani na wapelelezi wa Ulaya. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, mhusika mkuu ni mpagazi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao hawakuwa wabebaji mizigo wa wengine tu, kwani walikuwa na misafara yao wenyewe ya kupeleka pembe za ndovu pwani. Kambini walikutana watu wa lugha nyingi, wakahitaji lugha moja ya kugawana mizigo, kudai posho na kupatana bei. Hivyo Kiswahili kilienea bara kama lugha ya kazi kabla ya kuwa lugha ya shule.

Msamiati unahifadhi ushahidi huo. Neno "hongo" lilikuwa na maana ya ushuru ambao misafara iliwatolea watawala, hasa wa Ugogo, kwa nguo na shanga ili iruhusiwe kupita. Leo neno hilo lina maana ya rushwa: kilichokuwa haki ya mwenye nchi kimekuwa jina la kosa.

Aidha, njia hii haikuwa mali ya watu wa pwani pekee. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga alipopigana na Waarabu wa Tabora.

Hata hivyo, uenezi huo haufai kusimuliwa kwa sifa tupu. Njia iliyopitisha wapagazi wa ujira ilipitisha pia mateka waliouzwa utumwani, na Kiswahili kilitumika kwa amri ya bwana kama kilivyotumika kwa mapatano ya wenzi.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikamaliza enzi ya misafara mikubwa. Utawala wa Kijerumani ulipokifanya Kiswahili chombo chake, ulikikuta bara tayari. Waliokifikisha huko, kwa sehemu kubwa, ni watu ambao majina yao hayakuandikwa.